Pale Sakafu ya Hamamu Inapokauka Kwanza

Hamamu ile niliijua kwa deki kabla sijaijua kwa macho. Siku yangu ya kwanza nilipewa ndoo, tambara la kupigia deki na mpira wa kusukumia maji, nikaambiwa nianze. Sikuuliza ni jumba la aina gani. Nilikuwa nimefanya usafi Dubai miaka mitano, kwenye ofisi, kwenye maduka, kwenye zahanati moja ya meno kule Al Twar, na nilijiona nimeshamaliza kujifunza. Sakafu ni sakafu, nilisema. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua jinsi nilivyokosea.

Iko Bur Dubai, nyuma ya mtaa wa maduka ya vitambaa, chini ya jengo la kawaida ambalo ukipita nje hulidhanii lolote. Ilijengwa na familia moja ya wafanyabiashara ambao babu zao walivuka Ghuba kutoka Uajemi, na walitaka iwe vile vile walivyosimuliwa na wazee wao. Hamamu za Kiajemi huchimbwa ardhini, ili udongo ulishike joto na maji yateremke yenyewe bila kusukumwa. Lakini Bur Dubai ukichimba kidogo tu maji ya Khor, ule mkono wa bahari unaokata mji, yanakupokea. Kwa hiyo mafundi walishuka ngazi saba wakakoma hapo, wakatia pampu ya kunyonya maji chini, na pampu hiyo inanguruma mpaka leo.

Ukimaliza ngazi unakuta mlango mfupi unaomlazimu kila mtu kuinama, tajiri na mpiga deki. Kisha ujia mwembamba wenye kona, halafu ukumbi wa kuvulia nguo. Ukumbi una pembe nane, birika la maji katikati, na mabaraza yaliyoinuliwa pande zote ambayo chini yake kuna vishubaka vya viatu. Kutoka hapo kuna ujia mwingine, na huo una kona mbili. Hizo kona nilizichukia. Kila asubuhi ndoo yangu iligonga ukuta mahali pale pale, na kila asubuhi nilimlaani kimoyomoyo aliyechora ramani. Angenyoosha tu, angekosa nini?

Ukimaliza kona ndipo unaingia chumba cha moto. Kuna nguzo nane fupi, jiwe pana la kulalia katikati, na bwawa dogo la maji moto nyuma kabisa. Hapo umeshapita chini ya jengo ukatokea uani, na juu kuna kuba lenye matundu yaliyozibwa kwa vioo vya mviringo, na mwanga unashuka kwa vipande vipande na kutembea sakafuni kadiri jua linavyosogea. Nilivipenda vile vioo tangu siku ya kwanza, labda kwa sababu havikuwa juu yangu kuvisafisha.

Asubuhi ilikuwa ya wanawake, alasiri ya wanaume, na baina ya hapo ilikuwa yangu na deki.

Mwenye kazi hasa upande wa wanawake alikuwa mama mmoja wa Kiajemi aliyekula chumvi nyingi, mfupi, mabega mapana, na mikono ambayo sijawahi kuona mfano wake. Alikuwa dalaki, yaani fundi wa kusugua watu. Sote tulimwita Khala, kama wanavyoita Waarabu mama mdogo. Kazi hiyo aliifanya mama yake na bibi yake kabla yake. Alizungumza Kiarabu cha Ghuba na Kiingereza kidogo, na mimi Kiarabu kidogo na Kiingereza, kwa hiyo tulikuwa tunakutana katikati.

Mapokezi alikaa mama mwingine, Mzanzibari, ambaye familia yake iko huku tangu yeye ni mtoto. Kiswahili chake kilikuwa kisafi mpaka mimi wa kutoka Kitui nilikuwa naona haya kufungua mdomo. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba hamamu kama hii si kitu kigeni kwa watu wetu, kwamba mjini Unguja kuna mtaa mzima unaitwa Hamamni kwa sababu mafundi wa Kiajemi waliitwa kuja kujenga hamamu ya watu wote, na kwamba hata huko ujia wa kuingilia umepindwa. Nilimuuliza kwa nini wanapinda. Akanicheka. Kona ya kwanza, alisema, ni ya macho, ili mpita njia asione aliye uchi. Kona za ndani ni za hewa, ili baridi ya nje ichoke kabla haijafika na joto lisipate njia ya kutoroka. Tangu siku hiyo niliacha kulaani kona, ingawa ndoo iliendelea kugonga.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kituko ambacho walikitaja kwa miezi. Nilikuwa nafuta mlango wa chumba cha moto, nikaona mteja mmoja anaingia, anachota maji kwa bakuli la shaba, anamwendea mama mzima aliyekaa kimya zake, na kummwagia mabegani. Kwetu ukimmwagia mtu maji umetangaza vita. Niliacha deki, nikakimbia na taulo, nikajitia kati yao nikiwaambia wasameheane. Walinitazama. Kisha chumba kizima kikaangua kicheko ambacho kuba lilikirudisha mara mbili.

Khala ndiye aliyenifafanulia, akifuta machozi ya kucheka. Katika hamamu hiyo ndiyo salamu. Ukimkuta ndani mtu unayemheshimu, unachota maji ya moto kiasi na kummiminia mabegani, na akishamiminiwa anajua anatambuliwa. Nilisema sawa, nimeelewa. Kisha nikaanza kuangalia. Waliingia wateja kila siku wakamiminiana, wakammiminia Khala, na bakuli likazunguka kila bega chumbani. Mimi nilipita kati yao na deki na yunifomu yangu ikabaki kavu. Sikuwa na haki ya kulalamika, mimi si mteja, lakini lilinichoma.

Khala alipenda kusimulia akiwa amepumzika. Alisema katika mji wao hamamu ilikuwa ya mtaa mzima, kwa kuwa nyumba hazikuwa na bafu. Alfajiri mtu alipanda juu ya paa akapuliza baragumu kutangaza kwamba maji yameiva. Bibi harusi aliletwa kwa vigelegele, mzazi alikuja akitimiza siku arobaini, na wamama wenye vijana wa kuoa walikuja kukagua mabinti wa wenzao bila kuomba ruhusa. Tanuri lilikaa nyuma ya bwawa likilishwa miiba na samadi kavu, na moshi ulipitishwa kwenye mifereji chini ya sakafu ili uipashe joto kabla ya kutoka. Mifereji hiyo waliiita njia za paka. Baadaye nyumba zikapata mabafu, serikali ikapiga marufuku mabwawa ya pamoja kwa ajili ya magonjwa, na hamamu moja baada ya nyingine ikageuka ghala au mkahawa. Kwetu hapa hakuna moshi, kuna mtambo wa gesi na mabomba ya maji moto, lakini aliyeyalaza mabomba alifuata zile zile njia za paka. Nilimsikiliza nikidhani ni hadithi za kupitishia muda.

Ilikuwa baada ya miezi tisa hivi Khala alipotangaza kwamba magoti yamegoma na anarudi kwao mwisho wa mwezi unaofuata. Nilipopanda basi siku hiyo kwenda International City, nilikopanga, sikusinzia kama kawaida. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Kila nilipompigia mama yangu simu aliniuliza nafanya kazi gani sasa, na kila mara nilijibu usafi, na yeye akasema haya, kwa sauti ile ile. Kaka yangu ni seremala. Marehemu baba alikuwa mjenzi. Katika nyumba yetu kila mtu alikuwa na kazi ya mkono wake ambayo ukimwondoa hakuna wa kuziba pengo, isipokuwa mimi. Ufundi ule nilikuwa nimeutazama miezi tisa kwa karibu mita mbili. Niliutaka. Niliutaka mpaka nikakosa usingizi.

Asubuhi nilimwendea madam, msimamizi wetu, nikamwambia nataka nafasi ya Khala. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ameshaongea na wakala atakayeleta fundi kutoka nje, na wateja wamezoea kuniona na ndoo. Nilipobaki nimesimama alisema, basi, Mama Mkubwa akikukubali mimi sina neno.

Mama Mkubwa ndivyo mimi na yule Mzanzibari tulivyomwita mama mzazi wa mwenye hamamu. Alikuja kila Jumanne, mwembamba, mkali, hacheki. Neno lake ndilo lililokuwa sheria mle ndani. Khala alimwomba anipe mgongo wake Jumanne moja. Alikubali shingo upande.

Nami nikaharibu. Khala alikuwa amenikabidhi glovu ya sufu ngumu na kidonge cheupe cha kama chaki cha kupaka kwenye glovu, akaenda kumhudumia mwingine. Nilitazama glovu, nikatazama kidonge, nikaona kuna kitu kimesahauliwa. Sabuni haipo. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akisema kwamba mtu akitoka kuoga bila kunukia sabuni alikuwa anacheza na maji. Kumsugua mama wa mwenye nyumba bila sabuni, kama sufuria ya kambini? Niliona ni kumkosea adabu. Nikaenda kwenye kabati langu, nikaleta kipande changu kipya cha sabuni ya waridi, nikampaka mgongo mzima mpaka ukatoa povu, ndipo nikaanza kusugua.

Glovu iliteleza. Nilikazana, ikateleza zaidi. Hakuna kilichotoka. Mama Mkubwa aliinua kichwa, akanusa, akageuka kunitazama. Hakupaza sauti. Alisema, "Khalas. Rudi kwenye ndoo yako." Akajisuuza mwenyewe.

Nilirudi kwenye ndoo. Nilipiga deki ukumbi wa pembe nane huku machozi yananitoka, na sikuyafuta kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa hata hivyo.

Nyumbani tulikuwa wanawake wanne chumba kimoja. Niliyezoeana naye zaidi alikuwa Mganda mmoja, mlinzi wa jumba la maduka, mcheshi kupita kiasi. Nilipomsimulia alicheka akaanguka kitandani. Kisha akakaa, akaniambia, "Sasa dada, jikaze kisabuni," na tukacheka wote wawili, maana ndiyo sabuni iliyoniponza. Lakini nilipolala nilishaamua. Mtu aliyeniambia nirudi kwenye ndoo hakuniambia siwezi. Aliniambia sijui. Kutojua kuna dawa yake.

Kesho yake nilimuuliza Khala kila kitu kuanzia mwanzo, na niliuliza kama mjinga anavyouliza, bila aibu. Alinijibu kama aliyekuwa akisubiri. Sabuni ni ya mwisho, alisema. Ukiitanguliza inaiziba ngozi na glovu inapita juu juu tu. Kazi ya kwanza si ya dalaki hata kidogo, ni ya nyumba. Kona zinashika joto, sakafu inalipandisha, kuba linalirudisha chini, na ngozi inalainika yenyewe. Dalaki ni wa kumalizia. Kosa la wanagenzi wote ni haraka. Bonyeza kwa kidole gumba ndani ya mkono wa mteja na usugue kidogo: ikiteleza, bado, ikijikunja, anza.

Nikaanza mazoezi. Nilimsugua yule Mganda miguu na mgongo kila siku yangu ya mapumziko, bafuni kwetu, tukiwa tumefungulia maji ya moto mpaka ukuta unatiririka, naye akilalamika kwamba ngozi yake ina mwenyewe. Niliwasugua wenzetu wengine wawili. Nilijisugua mwenyewe mapaja mpaka yakawasha. Kazini niliendelea na deki, lakini sasa nilikuwa natazama. Niligundua kwamba mara zote nikishapitisha mpira wa maji, sakafu haikauki kwa pamoja. Inakauka kwa mistari. Kwanza jiwe la katikati, kisha mstari unaokwenda nguzo ya tatu, kisha kando ya bwawa, na pembeni mlangoni ndiyo mwisho. Nilikuwa nimeziona njia za paka kila siku ya Mungu na sikuzitambua.

Khala aliondoka Jumapili. Alinikumbatia pale chini ya kuba, akaniachia glovu yake kuukuu. Fundi wa wakala alikuwa hajafika, karatasi zake hazijakamilika, inshallah wiki ijayo.

Jumanne Mama Mkubwa akaja.

Nilimsikia madam akimweleza kule ukumbini kwamba leo hakuna dalaki, labda apakwe mafuta tu. Nilikuwa kwenye ujia, nyuma ya kona, na ndoo mkononi. Nilijua fundi mpya akishafika, mlango huu umefungwa na mimi nitapiga deki mpaka nizeeke. Nikaiweka ndoo chini, nikapiga moyo konde, nikajitokeza. Nikasema kwa Kiarabu changu cha kuungaunga kwamba nipo mimi.

Mama Mkubwa alinitambua. "Wa sabuni," alisema.

"Ndiyo, mimi wa sabuni," nikamjibu. "Leo sinayo. Ukiisikia harufu yake, nitaondoka mwenyewe."

Madam alianza kusema neno. Mama Mkubwa alimnyamazisha kwa mkono, akainuka, akashika njia ya chumba cha moto.

Alielekea moja kwa moja kwenye jiwe la katikati, mahali anapolala kila Jumanne. Nikamwambia hapana. Aligeuka na macho ambayo yangemrudisha mlangoni mtu mwenye akili. Lakini mimi nilikuwa nimepiga deki sakafu ile asubuhi, na nilikuwa nimeona jambo. Jana yake fundi wa mabomba alikuwa amekuja kuziba uvujaji, akafunga bomba moja. Asubuhi ile jiwe la katikati lilikuwa limebaki na maji muda mrefu, na sehemu iliyokauka kwanza ilikuwa pale kwenye nguzo ya tatu. Jiwe lilikuwa na uvuguvugu tu, wa kumdanganya mtu kwa mkono. Nilimtandikia kitambaa chake chekundu kando ya nguzo, nikakipiga kofi kidogo kumwonyesha. Alisimama. Nadhani alikuwa anaamua anifukuze sasa au baadaye. Kisha akalala.

Nikasubiri. Nilikaa chini kando yake, mikono mapajani, nisifanye kitu. Nilimmwagia maji kidogo kidogo na kusubiri tena. Madam alichungulia mlangoni, akaninong'oneza, "Yalla, yalla," akizungusha mkono. Nikatikisa kichwa. Mama Mkubwa aliuliza kama nimelala. Nilisema bado ngozi. Nilibonyeza ndani ya mkono wake, ikateleza. Mwanga wa kuba ulisogea kutoka begani mwangu hadi kwenye bakuli la shaba. Wazo la kuanza lilinijia mara kumi, na mara kumi nililisukuma. Nilikuwa na hofu, nasema kweli, lakini hofu ilikuwa huku na kichwa changu kigumu kilikuwa kule, na kichwa kikashinda. Nikabonyeza tena. Ngozi ikajikunja chini ya kidole.

Nikavaa glovu ya Khala.

Mkono ulikwenda kwa urefu, kutoka kiunoni hadi begani, bila kurudi nyuma. Vinyuzi vya kijivu vikaanza kujiviringa mbele ya glovu, kwanza vyembamba, kisha vinene kama unga unaobaki mwikoni. Vilitoka mgongoni, vikatoka kwenye mabega, kwenye mashavu ya miguu. Mama Mkubwa aliomba aone. Nikamwonyesha kwenye kiganja. Alivitazama muda mrefu, akalaza kichwa tena, nami nikaendelea mpaka nikamaliza. Ndipo nilipochukua sabuni, ile ya hamamu, nikamwosha nayo mwishoni, panapostahili.

Nilipomsuuza aliketi, akajifunga kitambaa. Nilikuwa nimepiga magoti nikiokota vitu vyangu, kwa hiyo sikuona anachofanya. Nilisikia shaba ikigusa maji. Kisha maji ya moto yakanishukia mabegani, taratibu, bega la kulia, bega la kushoto, yakapenya yunifomu, yakateremka mgongoni hadi viatuni.

Nilibaki pale pale nimepiga magoti. Nililia, na safari hii pia hakuna aliyeweza kujua yapi ni machozi.

Mama Mkubwa alirudisha bakuli mahali pake, akapita kona zake, akaenda kuvaa. Madam alikuja baadaye. Alinitazama nilivyolowa chapachapa, akatazama dimbwi lililozunguka miguu yangu, akauliza nani atalipiga deki.

"Leo mimi," nikamwambia. "Kesho tafuta mtu, madam."